Bibi Aliyekula Ukungu

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba watu wa ziwani wanakula ukungu. Aliyeniaminisha hivyo ni bibi yangu mzaa baba, ingawa mwenyewe hakujua. Kila mawifi zake pale Mapera walipomchokoza kwamba yeye mtoto wa ziwani hajui kulima, aliwajibu, "Niacheni, mimi nimelelewa kwa kungu." Sisi wajukuu, watoto wa milimani, tulijua ukungu tu. Ulipanda kutoka mabondeni asubuhi za kipupwe, ukapita katikati ya migomba na mibuni, ukaingia jikoni bila hodi. Tulidhani Bibi amemeza herufi moja, kwa kuwa alimeza nyingi kila alipozungumza Kiswahili, nasi tukamrudishia.

Basi nilikuwa naamka mapema, nasimama nyuma ya nyumba na kufungua mdomo. Ukungu ulikuwa wa baridi na hauna ladha. Nikajiambia kwamba wa ziwani huenda ni mzito zaidi, kama uji. Sikumwuliza mtu. Nilipokua niliacha mchezo ule, ila sikumbuki siku niliyoacha kuamini.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi nyumbani sina mbele wala nyuma. Zilikuwa enzi za ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kufika vijijini na magari yao, wakisimama hadi kwenye vichochoro ambavyo gari la chama cha ushirika halikuwahi kuvikanyaga. Mnadani kulikuwa na marundo ya mitumba, na kila kijana alijifanya mfanyabiashara. Rafiki zangu walikuwa wakiuza betri na sabuni. Mimi nilikuwa nikiuza sura iliyonuna. Mama alisema nikiendelea hivyo maziwa yatakuwa yanaganda nikipita.

Bibi ndiye pekee aliyenivumilia, labda kwa sababu hakuwa anaiona sura yenyewe vizuri. Macho yake yalikuwa yanafunga. La kulia lilikwisha kufunga, na la kushoto lilibaki na mwanga mdogo upande wa pembeni, hata akawa anatutazama kwa kugeuza kichwa kama kuku. Hospitali walimwambia baba waziwazi kwamba hilo nalo litafuata, na kwamba hakuna la kulizuia. Baba alirudi nyumbani akashindwa kumwambia mama yake. Bibi akamwambia yeye.

"Litafunga, najua. Nataka lifunge likiwa limeona ziwa."

Baba akasema vizuri, magari ya wanunuzi yanashuka Mbamba Bay, kule ziwani, kila siku, ataomba nafasi ya mbele kwa dereva. Bibi akakataa. Alishawahi kushuka kwa lori mara kadhaa, kwenye misiba, na kila mara aliliona ziwa akiwa chini kabisa, kati ya migongo ya watu na magunia. Hilo halikuwa analolitaka. Alitaka kuliona kutoka juu, kutoka kwenye mlima wa mwisho baada ya Kingerikiti, kwa njia ya miguu aliyopandia siku alipoolewa. Siku ile shangazi yake aliyemsindikiza alimkataza kugeuka. Bibi harusi hageuki nyuma, alimwambia, akigeuka atarudi. Naye alikuwa binti mtiifu, mzigo wa samaki wakavu kichwani, akapita pale juu ziwa lote likiwa mgongoni kwake, hakugeuka.

"Nilisema nitakuja kuliangalia siku nyingine," alituambia. "Halafu nikazaa, nikalima, nikazika. Siku nyingine ndiyo hii."

Baba alisema ni wazimu. Ikaamuliwa niende naye mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi, na kwa kuwa kila mtu alitaka kupumzika na uso wangu.

Tuliondoka kahawa ikiwa imeshauzwa na mvua bado hazijaanza. Nilivaa buti za mtumba zilizonizidi, nimezijaza matambara kwenye vidole. Bibi alivaa katambuga zake za tairi. Alishika ncha moja ya fimbo na mimi nikashika nyingine, ndivyo nilivyomwongoza. Mgongoni nilibeba blanketi, viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa kero ya siku mbili. Ninavyoikumbuka sasa, safari ile ilikuwa ndefu kuliko maisha yangu yote ya kabla yake, na tena ilikwisha haraka mno.

Kwanza tulipita mashambani. Miteremko yote ya kwetu imechimbwa ngolo, yale mashimo ya mraba yanayoshika maji ya mvua yasibebe udongo, nyasi zimefukiwa kwenye matuta kati ya shimo na shimo. Asubuhi ile kila shimo lilikuwa na ukungu wake. Tulitembea juu ya matuta, na chini yetu mlima mzima ulikuwa umepangwa bakuli, kila bakuli limejaa kitu cheupe. Nikamwambia Bibi.

"Ngolo zilinitesa," alisema. "Nilipofika hapa sikujua. Nilichimba la kwanza duara. Mawifi wakaja mmoja mmoja kuangalia, kama wanatazama maiti. Babu yako akalifukia kabla baba yake hajaliona, halafu akanifundisha jioni, wakati watu wamerudi nyumbani. Nilimpenda kuanzia hapo, si kabla."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na yeye akanivuta kwa fimbo. "Ahaa, mke mwenzangu, kumbe meno bado unayo." Aliniita hivyo kwa utani wa bibi na mjukuu, na alidai kwamba tunagombania mume mmoja, yaani marehemu babu.

Baada ya mashamba kukawa na msitu, na baada ya msitu vilima vyenye majani mafupi, ambako upepo ulikuwa na nafasi ya kutosha. Njia ilipanda, ikashuka kijito, ikapanda tena. Mahali pengine daraja lilikuwa gogo moja lenye utelezi, na Bibi alilivuka kwa kukaa, akijisogeza kama mtoto anayejifunza kutambaa, huku akiimba wimbo wa kanisa. Ulikuwa wimbo wa Kianglikana. Alizaliwa upande huo, akawa Mkatoliki kwa ajili ya ndoa, na alisali rozari vizuri tu, ila penye hatari zilimtoka nyimbo za kwao. Mimi nilivuka kwa kusimama ili nionekane shujaa, nikatumbukiza buti moja majini. Hadi jioni lile buti lilikuwa linaguna kila nikikanyaga. Bibi alisema amepata mjukuu wa pili, na huyu angalau anaongea.

Kulikuwa na saa za mchana ambazo sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka mawingu yakipita chini yetu, na kivuli chetu kikitembea juu yake. Nakumbuka kengele ya ng'ombe, wala ng'ombe mwenyewe hatukumwona. Nakumbuka Bibi akisimama ghafla na kusema, "Hapa palikuwa na mti wa matunda," na kweli kulikuwa na kisiki. Alitembea ndani ya njia nyingine, ya zamani, iliyokuwa imelala juu ya hii yetu, na mara nyingine nilihisi si mimi ninayemwongoza. Nilisahau kununa. Niliogopa tu, kila alipogeuza kichwa na kulitafuta jua kwa lile jicho la pembeni, kwamba huenda mwanga wake unakwisha humo njiani, kila kilima kinachukua kidogo.

Kingerikiti tulifika jua likiwa bado liko juu ya miti. Tulibisha nyumba ya kwanza iliyokuwa na moshi jikoni, na mama mmoja akatupokea kama ndugu, bila kutuuliza mengi. Alikuwa mama wa kanisa, rozari shingoni, sauti ya kuamrisha. Tulimpa shikamoo, mimi kwa heshima na Bibi kwa kukosea, kwa sababu hakuona kwamba ni mdogo kwake. Mama yule akashtuka, "Jamani mama, mimi ndiye nikuamkie!" Wakacheka hadi wakashikana mikono. Tulikula ugali na maharage. Bibi alimweleza tunakokwenda na sababu yake. Mama yule alininong'oneza nilipomsaidia kuosha vyombo.

"Mkifika pale juu kesho, inueni macho."

Nikaitika, "Amina." Nilidhani ananiambia tusali.

Asubuhi tulipanda mlima wa mwisho. Haukuwa mrefu, ila Bibi alikuwa amechoka magoti, na tulipumzika kila penye jiwe. Hewa ilikuwa na moshi mwepesi wa mashamba yaliyochomwa, kila kitu cha mbali kilikuwa kimefifia, kama picha iliyofuliwa pamoja na shati. Karibu na kilele alisimama. Alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya vizuri, akafuta uso kwa khanga. Alikuwa anajiandaa kuonekana. Nilikaza fimbo hadi mkono ukauma.

Tukafika. Upepo ulitupiga usoni, nikajua mlima umekwisha.

"Unaliona?" aliuliza Bibi.

Nikatazama chini, kwa kuwa maji hukaa chini, kila mtoto wa milimani anajua hivyo. Mto uko chini, kisima kiko chini. Nililitafuta ziwa bondeni. Niliona vilima vidogo vikishuka, miti, njia nyekundu iliyojikunja, na baada ya hapo mbingu. Mbingu ilianzia pale vilima vilipoishia, ikapanda moja kwa moja, rangi ya bluu iliyopauka. Hakukuwa na kitu kingine. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto.

"Hakuna ziwa, Bibi."

"Angalia."

"Naangalia. Hakuna. Ni mbingu tu."

Akageuza kichwa upande wa jicho lake, akakiinamisha, akakigeuza tena. Nilimwona akijitahidi, shingo imemkaza, na machozi yakamtoka kwa upepo au kwa jambo lenyewe.

"Mimi naona weupe," alisema polepole. "Nilidhani wewe utaona."

"Labda tumekosea mlima, Bibi. Labda ni ule mwingine."

Ule mwingine ulikuwa mbali upande wa kusini, na kati yake na sisi kulikuwa na bonde refu. Yeye hakuwa na haja ya kuuona ili ajue. Aligusa magoti yake. Halafu akageuka, akaliachia jiwe mwili wake, akakaa ametazama tulikotoka. Alikaa hivyo mgongo wake ukiwa kwenye ule upepo. Sijawahi kuona mtu mzima akikubali kushindwa kwa utulivu namna ile, na iliniuma kuliko kama angelia.

"Basi," alisema. "Tutarudi. Nipe kiazi."

Nilimmenyea kiazi. Nilikuwa nimeikasirikia mbingu, nimeyakasirikia macho yangu mazima ambayo hayakuwa na faida yoyote siku ile. Ili ukimya usitumeze nikaanza kumweleza ninachoona, kama unavyomsemesha mgonjwa. Nikamwambia kuna miti. Nikamwambia kuna njia. Nikamwambia kule mbinguni kuna moshi.

"Moshi gani?"

"Moshi tu, Bibi. Mweusi. Umesimama."

Akaacha kutafuna. "Umesimamaje?"

"Umesimama wima, mrefu, kama wa tanuru la matofali. Kuna mwingine nyuma yake. Huu wa mbele unatembea."

"Unatembea! Na moto wake uko wapi?"

"Hauna moto. Hauna hata chini. Si nimekwambia ni mbingu?"

Kiazi kikamdondoka. Nilidhani amepaliwa, nikainuka kumpiga mgongo, kumbe anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega yakiruka, halafu sauti ikaja, ya msichana kabisa, sijui alikuwa ameihifadhi wapi.

"Kungu!" alisema. "Mke mwenzangu, mjinga mkubwa wewe, hao ni kungu!"

"Bibi, ukungu hausimami hivyo, ukungu ninaujua..."

"Nani kasema ukungu? Kungu! Wadudu! Vidudu vidogo, vinatoka ndani ya maji, vinapanda juu kwa maelfu, ukiwa mbali unasema moshi. Havitoki mahali pengine. Kama unaona kungu, unatazama ziwa!"

Nikatazama tena. Na hapo kikatokea kitu ambacho nimejaribu kukieleza mara nyingi na sijawahi kukieleza sawasawa. Ile mbingu ililala. Bluu yote iliyokuwa imesimama mbele yangu iliinama taratibu, ikajilaza, ikawa pana, ikaenda mbali hadi ikayeyuka, na nukta niliyodhani ni ndege ikawa mtumbwi, na ndani yake kuna mtu. Mbingu ya kweli ilianza juu zaidi, mahali ambapo sikuwa nimefika kwa macho. Nikakumbuka mama wa Kingerikiti. Inueni macho. Dunia ilikuwa kubwa mara mbili ya nilivyoambiwa, na nilikuwa nimesimama ukingoni mwake na buti la mtu mwingine. Kizunguzungu kikanishika, nikachuchumaa nyuma ya Bibi nisianguke.

"Nigeuze," alisema.

Sikuelewa.

"Nigeuze kichwa. Nielekeze kwa kungu."

Nilimsaidia kuzunguka juu ya jiwe. Nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, juu ya kitambaa, nikakielekeza polepole hadi lile jicho la kushoto likawa sawa na moshi uliokuwa unatembea juu ya maji. Nikamshikilia hapo. Upepo ulikuwa unapuliza. Sijui tulikaa muda gani. Mwishowe alisema, "Ndiyo," kama mtu anayeitika jina lake. Halafu akaniambia nitafute kile kiazi, chakula hakitupwi.

Tulishuka Kihagara, kijiji alikozaliwa Bibi, siku hiyohiyo, yeye akiwa mbele, nami nikimsimulia rangi ya maji na mtumbwi. Kadiri tulivyoshuka hewa ikawa ya joto, nikavua sweta, nikavua na buti, nikazifunga kamba na kuzining'iniza shingoni. Kaka yake Bibi, wa mwisho aliyebaki, alitupokea mlangoni kwa kelele, akamshika dada yake mashavu na kumzungumzia Kinyasa haraka haraka, na Bibi akamjibu kwa lugha hiyo bila kumeza herufi hata moja. Nilisimama pembeni kama mgeni wa mtu mwingine.

Kungu walifika nchi kavu jioni ile. Upepo uliuleta moshi mmoja hadi kijijini. Jua likafifia, na wanawake na watoto wakatoka mbio na vikapu na masufuria yaliyopakwa mafuta, wakawa wanayapunga hewani na kucheka. Wadudu walikuwa wepesi, hawaumi, waliniingia nywele na masikio. Nilifungua mdomo niseme kitu, nikawameza. Bibi alikaa kwenye kigoda katikati ya mambo yote, uso juu, mdomo wazi makusudi.

Wanawake waliwakanda kungu, wakawachoma wakawa mkate mweusi mdogo, tukaula na ugali. Ulikuwa na ladha ya samaki na ya majani kwa pamoja. Bibi alinisikiliza nikitafuna.

"Haya," alisema, "miaka yote hiyo ulidhani nimelelewa kwa kitu gani?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia na habari za nyuma ya nyumba, asubuhi, mdomo wazi. Alimtafsiria kaka yake, na mzee yule alicheka hadi akatoka nje.

Tulirudi Mapera kwa gari la kahawa, nafasi ya mbele, kama baba alivyotaka tangu mwanzo. Bibi alimsimulia kila mtu kwamba ameliona ziwa kutoka juu. Aliwaeleza rangi yake, mtumbwi, moshi unaotembea, na mawifi waliobaki wakamsikiliza kwa wivu. Niliyajua maneno yale. Yalikuwa yangu, moja baada ya jingine. Mvua zilipokolea jicho la kushoto likafunga.

Nilikaa na swali moja msimu mzima. Asubuhi moja ya kipupwe nilimtoa nje kuota jua, na jua halikuwepo, ukungu ulikuwa umefika hadi kizingitini. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwuliza, siku ile pale juu, aliliona?

"Hapana," alisema. "Niliona weupe uleule."

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

"Ulikuwa umenishika kichwa. Mikono yako ilikuwa inatetemeka, mke mwenzangu. Mtu hatetemeki hivyo kwa kutazama mbingu, mbingu umeizoea. Nikajua lipo, na ni lilelile."

Akaupapasa mkono wangu, akaushika. Halafu akainua uso kwenye ule ubaridi, akafungua mdomo, akasubiri hadi na mimi nikafungua wangu.